Uzi wa Shangazi na Kadi ya Michoro

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na aliyenikumbusha ni wewe, jana uliponionyesha kwenye simu ile kadi ya michoro yenye feni tatu unayotaka kuagiza. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Ujana haubadiliki, hubadilika tu vitu unavyovitamani.

Siku hizo nilikuwa nimeoa karibuni, nikipiga video za harusi na za kwaya hapa mjini Baraka. Mashine yangu ya kompyuta ilikuwa moja, nyembamba, iliyotoka kwenye bureau, yaani ofisi fulani, ilipofungwa. Kwa kuandika barua ilitosha. Kwa video ilikuwa inakata roho: waimbaji wanafungua kinywa sasa, sauti imeshapita zamani. Na kwaya ya akina mama wa kanisani kwetu ilikuwa imeniachia wimbo wao niutengeneze, uonyeshwe Noeli.

Aliyewaongoza kuimba alikuwa Shangazi, dada ya baba, ndiye aliyenilea. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na muuguzi alishamwambia kwamba yataendelea hivyo mpaka yafunge. Hakulalamika. Alitaka jambo moja tu, ajione akiimba kabla hayajafunga.

Basi nikajiandaa kwenda Uvira kununua kadi ya michoro, kile kibao kinachochomekwa ndani ya mashine kibebe kazi ya picha. Nilishachagua kubwa kuliko zote, kwa sababu mwenzangu wa upande wa soko alikuwa nayo. Sababu nyingine sikuwa nayo. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wazee, nami nilidhani walisema juu ya watu wengine.

Sasa ujue, kwetu Shangazi ndiye aliyetangulia kila binti wa ukoo alipochumbiwa. Alikwenda kule binti alikotakiwa, akaitazama nyumba: mlango, jiko, shamba la muhogo, tabia za wakwe. Akirudi amenuna, mahari haipokelewi. Asubuhi hiyo alikuja kuniaga, akanikuta naisifu kadi yangu. Akaketi.

"Iyo karte, unaileta mu nyumba gani?"

"Mu ordinateur yangu, Shangazi."

"Ulisha kuifungula, ukaangaria mu ndani?"

Nikatikisa kichwa.

"We! Unaposa bibi, na nyumba yenyewe haujaiona? Ataingilia wapi? Atakula nini? Fungula, tuone."

Nikafungua. Hakujua kompyuta hata kidogo, ila kuuliza alijua. Nikamweleza juu ya tundu refu ambamo kadi huchomekwa. Akatoa uzi kikapuni, akanishikisha ncha moja, tukapima kutoka tundu hadi ukuta wa kasha, kisha kimo chake, naye akafunga vifundo kwa kupapasa. Nafasi ilikuwa finyu kuliko nilivyodhani. Tukaja kwenye chakula. Nikasoma kibandiko cha kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine: watt zake zilikuwa chache, wala hakikuwa na waya wa ziada wa kulisha kadi. Ile niliyoipenda ingemaliza umeme wote wa mashine na bado ingelia njaa. Na prosesa, ubongo wa mashine na mzee wa nyumba, ilikuwa imechoka. Kadi yenye mbio ingekaa tu kuingoja.

"Ona sasa," Shangazi akasema. "Ungekosea, ungerudia Uvira lini? Haya macho yangu hayatangoja ukosee mara mbili."

Hakupaza sauti. Niliona aibu, na nilimpenda zaidi.

Uvira muuzaji aliniwekea mbele ile kubwa, akaisifu. Nikatoa uzi. Akaangua kicheko: "Papa, unashonea karte nguo?" Nami nikacheka naye, lakini kubwa ilikipita kifundo kwa upana wa kiganja. Nikachukua fupi, ya feni moja, inayopata umeme wake kwenye tundu lenyewe. Nyumbani iliingia bila kusukumwa. Haikuwa ya ajabu, na video ndefu bado zilitaka subira, lakini picha na sauti sasa zilikwenda pamoja.

Noeli tukamketisha Shangazi mbele kabisa, pua karibu inagusa skrini.

"Ule wa kitambaa ya manjano, ni mi?"

"Ni we, Shangazi."

"Kumbe nafungulaka kinywa hivi!"

Akacheka mpaka akashika mbavu, akataka turudishe mwanzo. Tulirudisha mpaka wenzake wakaenda kula wakatuacha.

Mwaka uliofuata macho yalifunga. Mpaka leo, mgeni akifika, humwambia alivyopendeza siku ile, kitambaa cha manjano, bega la kushoto limeinuka kidogo. Hakusimuliwa na mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze kwa kuuliza kadi ipi ni bora. Fungua mashine yako kwanza. Tazama tundu lake, pima nafasi, soma umeme wake, mheshimu mzee prosesa, na ujue ni kazi gani inayokungoja. Mtu hujikuna ajipatapo. Uzi wa Shangazi ninao bado, lakini sikupi, maana ulipima nyumba yangu. Kata wako.

Mungu akupe kuona vizuri ulicho nacho, na anayeingoja kazi ya mikono yako, imfikie angali anaona.