Mwalimu wa "Sema" na Chipu Tisa Zilizoungua

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumanne, karakana ya umeme ya chuo cha ufundi inanuka moshi wa kulehemu na jasho la vijana arobaini na wawili. Mwanamke wa miaka hamsini na nane anapita katikati ya meza, mkono wake ukigusa ukingo wa kila meza kama anayezihesabu. Anasimama mbele ya kijana aliyeshika rezista isiyozidi punje ya mchele.

"Sema!" anaamuru.

"Chungwa, chungwa, kahawia, mwalimu."

"Inaingia wapi?"

"Tundu la kumi na mbili, safu ya juu."

"Na chipu yako imeandikwa nini mgongoni?"

"Sabini na nne, sifuri nane."

"Basi hilo ni lango la NA. Bonyeza tusikie."

Kijana anabonyeza swichi ya kwanza. Kimya. Anaishikilia, anabonyeza na ya pili, na kikengele kilichong'olewa kwenye saa mbovu ya mezani kinalia.

"Mmesikia? Lango la NA ni nyumba ambayo mtoto hatoki mpaka baba na mama wakubali wote wawili. Lango la AU, mmoja akikubali yatosha."

"Kwetu ni AU, mwalimu," anadakia mmoja wa nyuma. "Mama akikataa, namfuata baba."

"Na lango la SI ndiyo wewe mwenyewe. Ukiambiwa kaa, unasimama."

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu naye anacheka, ila uso wake umeelekea dirishani, siyo aliko kijana.

Wanafunzi wamempachika jina la Mama Sema, na jina limemganda. Kwake hakuna kinachochomekwa kwenye ubao wa majaribio kabla hakijatajwa kwa sauti: rangi, namba, tundu, mguu. Mwaka juzi mkaguzi wa elimu alikaa nyuma ya darasa, akaondoka ameandika kurasa mbili za sifa. Vyuo vingine viliagizwa kuja kujifunza. Taa ndogo zinazowaka kuonyesha jibu alikuwa ameshaziondoa na kuweka vikengele, na mkaguzi akasifia hilo pia, kwamba hata aliyekaa nyuma kabisa hapitwi.

Gazeti hili nalo lilifuata sifa hizo hizo. Lilikuja kuandika habari za mwalimu hodari.

Lakini mchana ule, karakana ilipokuwa tupu, mwalimu alivuta stuli, akakaa mbele ya mwandishi wetu. Kisha akasema asichopata kumwambia mtu yeyote pale chuoni.

"Mimi sioni. Rangi za rezista sizioni, namba za chipu sizioni. Nawaambia waseme kwa sababu wasiposema, mimi sijui kilichoko mezani."

Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilizimika miaka minne iliyopita. La kulia limebakiza upenyo mdogo katikati, na anasema huona dunia kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, tena lenye ukungu. Matone ya macho humlia robo ya mshahara kila mwezi. Umebaki mwaka mmoja na miezi saba astaafu, na alijipa moyo kwamba atafika.

Mumewe, fundi cherehani, ndiye pekee aliyejua. Humsindikiza hadi getini kila asubuhi, na kila asubuhi humwimbia methali ile ile, kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Namjibu, mzee wangu, mbona bado sijafa," anasema mwalimu, na hacheki. "Kumbe aliyekuwa anakaribia kuzikwa ni mtoto wa mwenzangu."

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Wiki tatu zilizopita, meza zote zilikuwa zimeunganishwa kwenye sanduku moja la umeme lililoko meza ya mbele. Chipu hizi hutaka volti tano. Siku zote, kabla ya kuwasha, mwalimu humwambia aliye karibu amsomee mshale wa volti. Siku hiyo vijana walikuwa wameinamia nyaya zao, na mkuu wa chuo alikuwa mlangoni na wageni, amelipa darasa mgongo, akiwasimulia habari za mwalimu wake hodari.

"Niliona haya kuuliza mbele yao," anasema. "Nikakisia. Nikawasha."

Mshale ulikuwa kwenye kumi na mbili. Chipu tisa kati ya kumi na moja za chuo kizima ziliungua kwa mpigo mmoja, harufu ikawafuata wageni hadi kwenye korido. Ndiyo maana sasa vijana arobaini na wawili wanapanga foleni kwa chipu mbili.

Mkuu alirudi amevimba kwa hasira, akauliza nani alikuwa kwenye sanduku. Mwalimu akataja jina la binti anayekaa meza ya mbele.

"Sikudanganya. Pale ndipo anapokaa. Nilimtaja, halafu nikafunga mdomo." Anasugua magoti kwa viganja. "Uongo ungekuwa afadhali. Uongo una mwenyewe."

Binti huyo, mwenye miaka kumi na tisa, alisomewa kosa lake mstarini mbele ya wanafunzi mia nne na kusimamishwa masomo. Ijumaa ya wiki hii orodha ya mtihani wa vitendo ingefungwa bila yeye, na mtihani haurudiwi mpaka mwakani. Mama yake, ambaye hufua nguo za watu, alikuja chuoni na mikono iliyochujuka kwa sabuni. Alimshika mwalimu kiwiko, akamwomba awe mwombezi wa mwanawe kwa mkuu.

"Nikamwambia nitajitahidi, dada," anasema mwalimu. "Nilimwambia hivyo, kwa mdomo huu."

Kisha ikaja barua. Binti aliiandika kwa mkono na kuituma kupitia kwa mwenzake. Mwalimu hakuweza kuisoma. Mumewe alisimamisha cherehani, akamsomea: *Mwalimu nisamehe. Sikumbuki kugusa sanduku, lakini kama wewe umesema ni mimi, basi nitakuwa ni mimi.*

Mumewe aliikunja barua, akarudi kwenye cherehani yake.

Alhamisi mwalimu aliingia ofisini kwa mkuu bila kuitwa. Alikaa humo kwa dakika arobaini. Alipotoka, jina la binti lilikuwa limerudi kwenye orodha, na funguo za karakana zilikuwa zimebaki juu ya meza ya mkuu. Kuhusu kiinua mgongo chake, aliambiwa asubiri barua. Kamati itaamua, na kamati zikiamua kuchelewa hakuna anayeziharakisha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka habari hii ichapishwe.

"Yule mtoto aliaibishwa mbele ya chuo kizima," anasema. "Kunong'ona ofisini hakumsafishi. Niandikeni."

Jumamosi alikwenda na mumewe nyumbani kwa dobi yule. Nguo za watu zilijaa kwenye kamba toka ukutani hadi mlangoni, mumewe akawa anaziinua ili mkewe apite. Binti alikuwa akisuuza mashuka. Aliamkia shikamoo, akaendelea kusuuza. Mwalimu alieleza yote akiwa amesimama, kwa sababu kiti alichopewa hakukiona, na hakuna aliyemwambia kiko wapi.

Mama mtu alilia. Binti hakulia. Alikamua shuka, akalitupia kwenye beseni, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ile 'sema, sema' yote, haikuwa kwa ajili yetu?"

"Hapana, mwanangu," akajibu mwalimu. "Ilikuwa kwa ajili yangu."

Binti akachukua shuka jingine.

Jumatatu mwalimu anaingia hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Daktari hajamwahidi kurudisha kilichopotea. Amemwahidi kujaribu kukilinda kilichobaki, basi. Ukimuuliza ana mpango gani baada ya hapo, hataji chuo wala kiinua mgongo.

"Nitarudi kwenye ua wa kina yule binti," anasema. "Akinyamaza, nitarudi tena wiki inayofuata. Mume wangu amechoka kunisindikiza, namwona. Lakini njia nimeishika. Kuna mfereji, kuna ngazi mbili, halafu unasikia maji."