Mumbua na Mluzi Uliotisha Kijiji

Saa kumi na moja na robo alfajiri, kabla Mumbua Kitheka hajafungua kufuli la kisima, mtu anakohoa nyuma yake.

Anageuka. Ng'ambo ya ua wa miiba, hatua kama ishirini hivi, amesimama mwanamume mrefu ambaye hajawahi kumwona. Ameipitisha fimbo nyuma ya shingo na kuning'iniza mikono yote miwili juu yake. Katika giza hili, fimbo hiyo ina umbo la bunduki.

Mumbua ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Mkononi ana tochi. Mkamba mwingine yeyote wa hapa, nje kidogo ya Tseikuru kaskazini mwa Kitui, angemmulika mgeni machoni na kupiga nduru. Yeye anageuza tochi na kujimulika uso wake mwenyewe.

"Nilitaka aone mimi ni mama tu," anaeleza baadaye. "Mfugaji akimulikwa na Mkamba haoni tochi. Anaona mshale ulio nyuma ya tochi."

Mgeni anashusha fimbo polepole, anailaza chini. Anaitwa Aftin, mfugaji wa Kisomali. Kiswahili chake ni cha kuokota njiani.

"Mama, mimi hapana mbaya. Ngamia kumi na tisa. Siku tisa maji hakuna."

"Wako wapi?"

"Mbali kule. Naogopa kuleta."

"Hata mimi naogopa," Mumbua anamjibu.

Wanatazamana, kisha wanacheka kidogo, kicheko cha watu ambao bado hawajaaminiana. Ni Jumanne. Mumbua anamwambia arudi Alhamisi saa nane mchana, watu wakishamaliza foleni.

"Nitakuwa hapa," anaahidi. "Nitafungua mpaka ngamia wa mwisho anywe."

Kazi ya Mumbua ni kufungua mifereji, kupanga foleni ya mitungi na kulinda pampu inayotumia jua. Familia mia mbili na kumi zinakitegemea kisima hiki. Analipwa shilingi elfu saba kwa mwezi, na ndizo zinazomweka bintiye, Nduku, katika shule ya upili.

Ili kuelewa kwa nini ahadi hiyo ndogo inamnyima usingizi, ni lazima kurudi nyuma miaka mitatu.

Jioni moja ya kiangazi, mluzi ulisikika kutoka kwenye mto wa mchanga, chini ya mashamba. Ulikuwa mrefu, ukikatika na kuanza tena. Kijijini hapa kila mtoto anafundishwa kwamba mluzi wa jioni ni wezi wa mifugo wakiitana. Mumbua ndiye aliyeusikia kwanza, na ndiye aliyepiga nduru.

Wanaume walitoka mbio na pinde. Mshale mmoja ulimpata mfugaji aitwaye Salat mguuni. Hospitalini, mguu ulikatwa.

"Hakuna aliyenilaumu," Mumbua anasema, akiitazama mikono yake. "Walinipongeza kanisani. Walisema niliokoa kijiji."

Miezi minne baadaye alikuwa sokoni Tseikuru, akinywa kikombe cha maziwa ya ngamia kwa mama mmoja mchuuzi aliyeitwa Qamar. Katika mazungumzo, Mumbua alimtania: kwa nini watu wenu hupiga mluzi kama majambazi?

Qamar aliweka jagi chini. "Abaayo, dada yangu, ule ni mluzi wa maji. Ngamia anapigiwa mluzi ili atulie, anywe ashibe. Mume wangu alikuwa ananywesha ngamia siku ile walimpiga mshale."

Mumbua alimwambia kwamba ile nduru ilikuwa yake. Qamar alimjazia kikombe tena. Mpaka leo Mumbua hajui kama ule ulikuwa msamaha.

"Tangu siku hiyo, nikiogopa mtu najiuliza: yeye anaogopa nini kwangu? Hofu haiishi, nisikudanganye. Lakini angalau sipigi nduru kabla ya kuuliza."

Jumanne hiyo hiyo, habari za ahadi yake zinapita kwenye foleni na kumfikia Munyao, mwenyekiti wa kamati ya maji, kabla ya chakula cha mchana. Anakuja kisimani akiwa bado na jembe begani.

"Mumbua, unataka tuuawe?"

"Ni ngamia kumi na tisa tu, na mtu mmoja mwenye fimbo."

"Hata waliomuua Kiema walianza na kuomba maji!"

Kiema alikuwa kaka mdogo wa Munyao. Alipigwa risasi malishoni mwaka juzi, na majina ya waliompiga hayajulikani mpaka leo.

"Munyao si mtu mbaya," Mumbua anasema baada ya mwenyekiti kuondoka. "Akiona mfugaji anaona kaburi la kaka yake. Kama ningekuwa yeye, pengine ningesema hivyo hivyo."

Lakini Munyao ameacha neno: ukifungua Alhamisi, ufunguo na kazi atapewa mtu mwingine, Mbula.

Jumatano, baada ya kufunga mifereji, Mumbua anatembea nyumba kwa nyumba. Ujumbe wake ni mmoja: kesho mchana mkisikia mluzi, ni ngamia wanakunywa. Msishike pinde.

"Kwani ngamia ni mwanafunzi," anauliza mzee Mutiso, "hawezi kunywa mpaka filimbi ilie?"

Waliopo wanacheka. Mwanamke mmoja hacheki, anafunga mlango. Mwingine anamwambia, "Mwaitu, wewe una moyo. Mimi kesho nitalala na watoto kwa dada yangu." *Mwaitu* ni mama yangu, lakini leo neno hilo linasikika kama kuagana.

Akiwa njiani kurudi, Mumbua anaeleza ndoto yake. Anataka hori la mifugo, ambalo sasa liko kando ya mifereji ya watu, lijengwe mbali nayo, na siku moja ya wiki ijulikane kwa pande zote mbili, ili mfugaji asilazimike kuja gizani kama mwizi, na mwanakijiji asilazimike kukisia. Amemwomba Qamar waende pamoja kwa chifu. Qamar amesema atafikiria.

Alhamisi saa nane, vumbi linainuka upande wa mashariki.

Wanaume kumi na wawili wamejipanga kando ya ua. Wanane wana pinde. Munyao yuko katikati. Mumbua anasimama karibu na hori, kati yao na ngamia, akiwa ameshika bomba.

Aftin anaanza kupiga mluzi. Sauti ni ile ile, ndefu, ikikatika na kuanza tena. Mtu mmoja anatia mshale kwenye uzi wa upinde.

"Wanakunywa!" Mumbua anapaza sauti. "Tazameni shingo zao! Wanakunywa tu!"

Wanatazama. Shingo zinashuka na kupanda. Mshale hauondoki kwenye uzi, lakini upinde hauvutwi.

Kumi na wanane wanashiba. Wa mwisho, jike mzee mwenye jicho moja bovu, anagoma mbele ya hori. Dakika zinapita. Aftin anampigia mluzi taratibu, jasho likimtiririka.

"Imetosha," Munyao anasema. "Funga."

"Bado mmoja."

"Mumbua, nimesema funga. Ukifunga sasa, tutayasahau haya. Kazi utabaki nayo."

Anamfikiria Nduku. Anawatazama wenye pinde, kisha Aftin, ambaye amewapa wote mgongo kwa sababu ngamia hanywi akiona mtu wake ana wasiwasi.

"Bado mmoja," anarudia, na kuuacha mfereji wazi.

Jike mzee anainamisha shingo. Anakunywa kwa muda mrefu sana. Anapoinua kichwa, maji yakimdondoka midomoni, Mumbua anafunga mfereji, anauchomoa ufunguo kwenye kamba iliyo kiunoni mwake, na kuuweka katika kiganja cha Munyao.