Matrida na Ruta ya Bunda

Wanaompenda Matrida watakwambia alikuwa mkali tu. Mkali ni pilipili. Matrida wa Kamunyonge alikuwa na roho mbaya, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila aliyefanya naye kazi anaijua roho hiyo ilivyouma.

Alikuwa fundi wa mtandao katika kampuni moja ya Musoma iliyounganisha ofisi za Musoma, Bunda na Butiama. Mitambo yao ilikuwa ya ATM, na tuelewane mapema: siyo ile ATM ya kutolea hela. Hata mama yake mzazi, Jenoveva wa Murangi, aliwahi kumwagiza amletee chochote kutoka kwenye hiyo mashine yake, Matrida akacheka mpaka akakaa chini. Hii ATM ni aina ya mtandao, siku hizi wa kizamani, ambao kila ofisi inafikiwa kwa njia yake, na njia hiyo wanaiita saketi pepe. Pepe kwa sababu haina waya wake peke yake. Ipo kwa kuandikwa tu ndani ya mashine. Kila saketi ina namba zake mbili, na fundi akikosea hata moja, ofisi ya watu inakaa bila mawasiliano.

Namba hizo zote Matrida alizikariri kichwani na hakumwambia mtu. Hakuzaliwa hivyo. Alipoanza kazi, bosi wake wa kwanza alichukua kila alichokifanya Matrida akakipeleka kwa wakubwa kwa jina lake mwenyewe, na cheo akapewa yeye. Matrida alilia chooni, akanawa uso, akatoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo, alichokijua alikimeza. Bosi mpya, Bwana Makongoro, akawa anamwita "injini yetu" mbele ya wageni, na Matrida akalipenda jina hilo kuliko alivyopenda mshahara. Likizo alikuwa haendagi. "Nikiondoka mimi hapa patakufa," alisema, na wote wakaamini.

Fundi wa pili alikuwa Kudura, mwanamume mzima mwenye mke na watoto, aliyehamia kutoka Mwanza. Huyo ndiye aliyeionja roho ya Matrida kila siku. Siku moja, kwenye ofisi moja ya Butiama, aliusogelea mtambo na kuweka vidole kwenye kibodi. Matrida akampiga mkono kama anavyopigwa mtoto anayedokoa nyama.

"Nani kakwambia uguse? Wewe kazi yako kubeba ngazi! Ukiniona nafanya kazi, funga mdomo na mikono!"

Watu wakacheka. Miongoni mwa waliocheka alikuwemo shemeji yake Kudura, aliyekuja kwa shida zake. Kudura naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki furu kooni. Kuanzia hapo alifunga vyote viwili, mdomo na mikono, kama alivyoagizwa.

Basi ukafika msimu wa pamba. Umeme wa Bunda ukapanda ghafla, ukaiunguza ruta, yaani ile mashine inayopokea saketi zote na kuzigawa maofisini. Kulipokucha Matrida na Kudura wakaja na ruta mpya kutoka Musoma, tupu kama debe. Swichi, yaani mashine inayozipitisha saketi hizo kabla hazijafika kwenye ruta, ilikaa chini yake kwenye kabati hilo hilo la chuma, nayo ilikuwa imepona. Kwenye kiwanda cha pamba, upande wa pili wa ukuta, wakulima walikuwa wamesimama na pamba yao, stakabadhi hazitoki, na karani amechoka kutukanwa. Kazi ilikuwa moja: kuziandika saketi zote upya ndani ya ruta mpya. Na namba zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Matrida alikuwa ndiyo kwanza amekaa kitako simu ilipoita. Ni mdogo wake, Lilian, kutoka Murangi.

"Dada, hali ya mama imebadilika."

"Amekula?"

"Hali, wala hanywi. Anakuulizia wewe. Njoo sasa hivi, siyo kesho."

Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Matrida hakumwonea, ni mama yake. Yule mama alianika dagaa juani mpaka ngozi ikababuka, ili binti asome. Matrida akampigia Makongoro, na nataka ulijue hili vizuri: Makongoro hakumzuia.

"Nenda, Matrida, mama ni mama. Mwachie Kudura namba, ataziingiza yeye."

Kudura alikuwa amesimama pale pale, tochi mkononi, akisikia kila neno. Matrida akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Kudura? Bosi, Kudura hawezigi. Atavuruga wilaya nzima. Acha nimalize mwenyewe, ni muda mfupi tu, halafu nitaondoka."

Akakata simu. Kudura akasema taratibu, "Dada Matrida, nenda kwa mama."

"Niende nikuachie wewe nini? Mulika huku!"

Kudura akamulika.

Akaanza kuandika. Saketi ya Musoma ikakubali. Ya kiwandani ikakubali, na upande wa pili wa ukuta makarani wakapiga vigelegele. Akaingiza nyingine, na nyingine, vidole vinakimbia, jasho linadondokea kibodi. Hata wewe ungemsifu. Ikabaki ya Butiama tu. Akaandika namba zake mbili, ikakataa. Akafuta, akaandika tena. Ikakataa. Akajaribu kugeuza, akajaribu namba za zamani, akajaribu za saketi ya jirani. Hakuwa na habari kwamba mainjinia wa makao makuu walishazibadilisha namba zile kutoka mbali, kwenye swichi na kwenye ruta iliyoungua, bila kumwambia. Waliona hakuna haja.

Lilian akapiga tena. "Dada, uko wapi? Anauliza kama umefika."

"Mwambie niko njiani."

"Mbona nasikia kama unachapa?"

"Nimekwambia niko njiani, Lilian!"

Angeweza kuondoka wakati ule. Butiama ingelala siku moja bila mtandao, ingeamka, dunia isingepasuka. Lakini kuondoka kumebaki saketi moja kulimaanisha kumwachia Kudura aikute, na labda aiweze, na jina la injini liende kwa mwingine. Akainama tena. Simu ilipoita mara ya tatu aliiacha iite, maana alikuwa katikati ya namba. Ilipoita tena akaipokea, hakusikia "dada" wala "shikamoo". Alisikia wanawake wakilia, wengi, na Lilian akiwa mmoja wao.

Matrida akaweka simu juu ya ruta.

"Pole sana, dada," Kudura akasema. "Naomba nipite."

Akampisha bila kujua anampisha. Kudura akachuchumaa, akaandika mistari michache, akabonyeza. Matrida hajapata hata leso ya kujifuta, saketi zikaanza kujitokeza zenyewe kwenye kioo cha kompyuta, moja chini ya nyingine, na namba zake. Zile zote alizozimeza miaka yote. Na ya Butiama ikiwemo, kwa namba ambazo hajawahi kuziona.

"Umefanyaje?"

"Nimeiambia ruta iiulize swichi. Swichi inazijua zote. Ruta inazigundua, inajiandikia yenyewe."

"Zote? Hata ikiwa tupu?"

"Hata ikiwa tupu."

"Umelijua lini hilo?"

"Tangu niko Mwanza."

"Kwa hiyo asubuhi ulijua. Nilipopigiwa simu, ulijua."

Kudura akazima tochi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Matrida maini. "Nilijua. Ulisema nifunge mdomo na mikono, nikafunga. Ila nilikwambia uende kwa mama."

Murangi walimpokea kwa migongo. Lilian alikuwa ameshawaambia ndugu wote, na hakupunguza neno: mama amekata roho akitazama mlango, dada yuko Bunda na mashine zake. Shangazi mmoja alimwekea ugali wa udaga, ule wa mihogo, mbele yake na kuondoka bila kumkaribisha. Matrida akakaa kwenye mkeka pembeni, kanga kichwani, akayapokea yote, akaona ni haki yake.

Siku ya mazishi gari la kampuni likafika. Bwana Makongoro akashuka na wenzake, Kudura akiwa nyuma yao. Walipopewa nafasi ya salamu za rambirambi, Makongoro akasimama chini ya turubai, akasafisha koo.

"Ndugu wafiwa, siku ile Bunda nzima ilikuwa imezimika. Wakulima wamesimama na pamba yao. Dada yenu hapa nilimwambia aondoke, akakataa! Mama yake yuko hoi, yeye kabaki pale mpaka ofisi ya mwisho ikawaka. Watu wa namna hii hawapatikanagi."

Wazee wakaguna kwa kumsifu. Kina mama wakageuka kumtazama Matrida kwa macho mapya. Lilian akainuka alipokuwa, akaja, akakaa mkekani, akamshika dada yake mkono kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Nisamehe, dada. Nimekusema vibaya kwa kila mtu. Nilidhani ungeweza kumwachia mtu kazi ukaja." Machozi yakamshuka. "Kweli hapakuwa na mwingine wa kuifanya?"

Kudura alikuwa karibu, kofia yake mkononi, amesikia. Matrida akamtazama, naye akamtazama, hakumsaidia wala hakumzuia. Ilibidi aseme. Akisema kweli, huyu mdogo wake ataondoka hapa akijua kwamba mama amekufa akingoja mtu ambaye angeweza kufika.

"Hapakuwa na mwingine," Matrida akasema.

Lilian akamgeukia Kudura, kama mtu anayetaka kusikia neno tamu mara ya pili. "Ni kweli, kaka?"

"Ni kweli," Kudura akajibu. "Kazi ile alikuwa nayo peke yake."

Lilian akamkumbatia dada yake, akalia kwa nguvu, kile kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha wanawake wa Murangi wakaja mmoja mmoja kumshika Matrida mkono, wakimpa pole na hongera kwa pamoja, na yeye akaipokea mikono yote mpaka jeneza lilipoinuliwa.