Ngoma Haijamfika Shangazi

Naikumbuka siku moja ya arusi kule Mkongani, mwanangu, siku niliyowainamia watu wasio na haja ya kuinamiwa.

Nilikuwa kijana, shule nimeiacha mapema kwa kuwa miguu yangu haikutulia. Nilikata miwa Ramisi, nikakwea minazi Munje, mwisho nikaishia Diani kupiga kayamba hotelini. Wageni wakila, sisi tunacheza. Kila ngoma dakika saba, kisha kuinama, makofi, inayofuata. Nikajiona fundi.

Basi akaolewa binti wa Shangazi Mejumaa. Shangazi alikuwa ametoka eda karibuni, na tangu amzike mumewe hakuwa mtu wa maneno. Hata chakula akikirudisha nusu. Nyumba nzima ilitumaini ngoma ya arusi ingemwinua mkekani. Nikapewa kayamba niongoze, Babu Nyawa, mpiga ngoma mkongwe, akakaa kwenye chapuo.

Tukaanza, ngoma ikakolea. Kidole cha mguu cha Shangazi kikaanza kuifuata, nami sikukiona. Dakika zangu zilipotimia nikakatisha, nikainama. Sikupigiwa hata kofi moja.

"Wee, umeangusha nini hapo chini?" akauliza bibi mmoja, watu wakaangua kicheko.

Babu Nyawa hakucheka. "Mjukuu wangu, nani kakwambia imekwisha?"

"Babu, wimbo tumeumaliza."

"Umekwisha mdomoni mwako. Shangazi yako haujamfika. Mtazame miguuni, kidole kilikuwa kimeanza kucheza ukakikatiza."

Nikatazama. Kidole kilikuwa kimetulia, naye amejifunika leso usoni. Mcheza kwao hutunzwa, husema wazee. Mimi nilirudi kwetu nikacheza kigeni.

Tukaanza upya, na mara hii sikumwondolea macho. Maneno yaleyale machache, mizunguko sijui mingapi. Mikono iliniwaka moto, nikachoka hadi nikasahau kuchoka. Mguu ukarudi kucheza, bega likafuata, kisha Shangazi akainuka, akaingia uwanjani akicheza na kulia, akimwita marehemu kwa jina, na katikati ya kulia akacheka. Baadaye aliomba wali, akamaliza sahani.

Tangu hapo najiuliza, na jawabu lote sijalipata hadi leo: mbona sauti ileile ikupite mara ya kumi, ikuvunje mara ya arubaini? Huenda sikio husikia upesi, lakini moyo wa mtu ni msitu, na sauti huingia humo kwa mguu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiimba, ukichonga au ukisuka, usiulize umemaliza lini. Uliza umemfika nani. Na ukiwa msikilizaji, usikimbilie kupiga makofi. Kaa kitambo, ujichungulie ndani, uone kilichoanza kutikisika.

Mola akupe jicho la kuona kidole kikianza kucheza. Na siku furaha ikikuhama, akuletee mpigaji asiye na haraka.