Pampu ya Maji Baridi

Mtaani walimwita Hainishindi, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Kitu chochote kikiharibika, yeye huyo keshafika: "Hii? Hainishindi!" Alikuwa fundi friji, na friji alizijua kweli, haki yake tumpe. Tatizo ni mdomo. Redio ya mkewe aliifungua ikawa bubu mpaka leo. Cherehani ya mama mkwe ilikuwa inaruka mishono. Baada ya kupita mikononi mwake haikuruka tena, kwa sababu haikushona kabisa. Neno "sijui" halikuwahi kumtoka katika miaka ishirini ya ndoa.

Asubuhi hiyo mkewe alimsimamia mlangoni. "Baba watoto, nimechoka kuomba radhi kwa majirani. Ukiharibu na kazi hii uliyoitiwa leo, karakana unafunga, kesho unaanza kulinda ghala la kaka yangu. Nimeshaongea naye."

Kulinda ghala! Tena la shemeji ambaye kila akimwita "fundi" lazima acheke kwanza! Hainishindi alibeba mtungi wake wa gesi na geji ya kupimia presha, akaondoka roho mkononi.

Aliyempigia simu ni mkuu wa idara mstaafu, aliyenunua kofia ya nahodha kwanza, boti ya tanga baadaye. "Pampu yangu ya maji baridi imegoma," alisema. Sasa, watu wa boti wakisema maji baridi wana maana ya maji yasiyo na chumvi, ya kunywa na kuoshea vyombo. Hainishindi alisikia baridi, akaona friji.

Alishuka chumba cha chini cha boti, akazunguka akipapasa makabati.

"Unatafuta nini, fundi? Pampu hiyo hapo, chini ya sinki."

"Napima joto la chumba kwanza," akajibu, bila hata kupepesa.

Mstaafu akaguna kwa heshima. "Wamekuja mafundi pampu watatu, kila mmoja kafungua kafunga, wote wanasema ninunue mpya. Wa tatu hata miwani ya jua hakuvua! Na mke wangu hapandi boti isiyo na maji."

Mstaafu akawasha swichi. Pampu ikanguruma, bomba likakohoa, likatoa matone mawili na hewa tele. Tangi lilikuwa limejaa pomoni. Jasho likamtoka Hainishindi. Pampu ya namna ile hakuwahi kuishika, na mbele ya macho yake aliona geti la ghala, kiti cha plastiki, na shemeji akicheka.

Akafanya kitu pekee alichokijua. Alikoroga sabuni, akapaka povu kwenye kila kiungo cha mipira. Kwenye friji, penye tobo gesi hutoka na povu huvimba. Hapa halikuvimba popote. Ila pembeni mwa mfuniko wa chujio, kabla ya pampu, povu lilitoweka. Akapaka tena, likamezwa tena.

"Ala! Kumbe inavuta hewa hapa!"

Alifungua. Mpira wa kuzibia mfuniko ulikuwa umekaa upande, kama alivyouacha mmoja wa mabingwa watatu. Aliusafisha, akaukalisha vizuri, akakaza mfuniko. Maji yakaja kwa kishindo.

"Mbona yana mapovu?" mstaafu akauliza.

"Yanajiosha," alijibu Hainishindi.

Mstaafu alipanda juu kumtangazia mkewe. Hapo hapo simu ikalia: mkewe.

"Umeiharibu?"

"Imepona."

"Ilikuwa na nini?"

Alivuta pumzi ya hotuba, lakini akaona povu la sabuni bado limemganda vidoleni. "Mama watoto, mimi pampu sijui. Nilidhani nimeitiwa friji. Niliogopa lile ghala, nikapaka sabuni tu."

"Umesema hujui?"

"Sijui."

"Hebu rudia."

"Sijui, jamani!"

Alimsikia mkewe akiita, "Mama! Mama, njoo usikie mwenyewe!" Kisha akarudi kwenye simu, sauti imemlegea.

"Njoo nyumbani, mume wangu. Kaka atapata mlinzi mwingine."