Vazi Zima la Askari

Siku mbili kabla ya kuhubiri juu ya silaha za Mungu, nilipanda boti ya ziwani kwenye mwalo wa Kibirizi kwenda kijiji kimoja cha kaskazini, karatasi zangu zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi ni mwinjilisti. Kigiriki nilichofundishwa chuoni kimebaki kidogo sana, lakini hicho kidogo napenda kionekane.

Pale mwaloni, boti zinakopakia abiria, kila mtu mzima hupewa jaketi okozi na kulivaa mbele ya mkaguzi. Boti ikishazunguka rasi, tunayavua na kuyakalia. Mbao ni ngumu, jua ni kali, na majaketi yenyewe yananuka dagaa. Nililikalia langu kama wengine, nikastarehe.

Ubavuni mwangu alikaa mama mmoja aliyempakata mtoto wa miaka kama mitatu. Alitoka Kalinzi, huko milimani, na hakuwahi kupanda boti. Aliniuliza ninasoma nini, nikamweleza kwa kirefu. Tukisikia silaha, nilimwambia, tunafikiria bunduki na mapanga. Neno aliloandika mtume ni panoplia, yaani vazi zima la askari tangu kichwani hadi miguuni: chapeo, dirii ya kifuani, mkanda, ngao, viatu. Katika orodha yake cha kupigia ni upanga peke yake. Vingine ni vya kumkinga aliyevivaa.

Akamtazama mwanawe. "Sasa asiye askari, Mtumishi? Huyu mtoto, kwa mfano, avae nini?"

"Hapo mtume anasema na watu wazima, mama," nilijibu, nikarudi kwenye karatasi zangu.

Upepo ulitukuta mbali na ufuko. Maji yakaanza kuingia, na nahodha akapaza sauti kila mtu avae lake. Majaketi yalitosha watu wazima tu, watoto hawakuhesabiwa. Yule mama akalivuta lake, akamvisha mtoto, likamfika magotini, akalizungushia kitenge na kufunga fundo. Yeye akabaki na blauzi. Kisha akanitazama, si usoni bali kifuani, ambako nilikuwa nikifunga mkanda wa tatu wa jaketi langu.

Nilijua kabisa kilichotakiwa. Nimezaliwa Ujiji, na kuogelea nilijua kabla ya kusoma. Niliukaza ule mkanda, halafu nikaukaza tena.

Hakuna aliyekufa. Ziwa lilipotulia tulikuwa tumelowa sote, na yule mama ndiye aliyeanza kusema. "Pole, Mtumishi," aliniambia, akaanza kumfungua mtoto lile fundo.

Jumapili alikuwepo kanisani, safu ya tatu. Kabla ya mahubiri mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda, naye akasimama na mtoto mgongoni. Akaeleza jinsi ziwa lilivyochafuka na jinsi Mungu alivyowavusha.

"Tulikuwa na mtumishi wake ndani ya boti," alisema. "Nadhani ndiyo maana tulipona."

Watu wakapiga makofi. Nilimwangalia nikitafuta kejeli usoni pake, maana kejeli ningeivumilia. Haikuwepo. Aibu ilinishika, na nilielewa kwamba nikitaka kusema ukweli, basi ni sasa hivi.

Nilisimama mimbarani, nikasubiri makofi yaishe, nikaanza kuwaeleza maana ya neno panoplia.