Wimbo wa Levuka Usio na Sauti

Kwetu kisiwani Kadavu mfiwa hujinyima kitu akipendacho mpaka karamu ya usiku wa mia, ndipo matanga huondolewa. Laisani alipozikwa, kaka yake Isikeli alisema hatanyoa nywele. Shangazi zake waliacha tumbaku. Kisha Eroni, mumewe, akasimama mbele yetu akatamka: "Mimi naacha gitaa."

Tuliguna. Hatukuwahi kusikia mtu akijinyima kitu ambacho kijiji kizima kilikuwa kikila pamoja naye.

Katika ujana wao, Eroni na Isikeli walifanya kazi katika meli ya mbata. Mchana walipakia magunia, jioni walipiga muziki bandarini, mmoja gitaa, mwingine ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, aliyoichonga kwa mkono wake. Suva waliwahi kulipwa nanasi na kuku hai, na yule kuku akasafiri nao mpaka Labasa kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja. Levuka walikwama kwa tufani, wakalala katika ghala lililonuka mbata iliyochacha, na humo Eroni akatunga wimbo wa kumkumbuka Laisani aliyebaki kijijini. Tangu hapo haikupita harusi wala Krismasi bila kuupiga. Laisani naye alizoea kuusikiliza huku akimenya majimbi, akijifanya hausikii.

Matanga yakiwa bado, Isikeli akaanguka. Muuguzi alisema ni moyo. Nilikuwapo alasiri Eroni alipokwenda kumjulia hali, akamkuta mkekani, nywele zimemzonga kama kichaka.

"Karibu, shemeji. Umekuja kuhesabu mbavu zangu?"

"Nimekuja kuangalia kama chawa wameshajenga kanisa humo kichwani."

"Wamejenga. Wewe tu ndiye waliyekukataa kwenye kwaya."

Walicheka mpaka Isikeli akapaliwa. Kwetu mtu na kaka wa mkewe ni watani, na ukimya baina yao ni dalili mbaya. Ukimya huo ulipoingia, mimi niliuhisi.

"Nipigie ule wa Levuka," Isikeli akasema. "Mara moja tu. Hiyo karamu sifiki mimi."

"Usiniombe hilo. Nilimwahidi dada yako kaburini."

"Dada yangu hatakasirika, namjua."

"Neno limeshatoka, Isikeli. Nilirudishe vipi?"

Isikeli akageuzia uso ukutani. Eroni akauchukua mkono wa shemeji yake, akaulaza mapajani kama shingo ya gitaa, na vidole vyake vya kushoto vikaanza kubonyeza juu ya ngozi ile iliyolegea, taratibu, ubeti kwa ubeti. Hakukutoka sauti yoyote. Isikeli alifumba macho, midomo ikimchezacheza.

"Umekosea hapo," akasema ghafla. "Umewahi mno. Miaka yote unakosea palepale, we mzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili uharibu? Laisani alikuwa anapangojea hapo. Ukikosea tu, anacheka kichinichini."

Eroni aliinamisha kichwa. Alipoweza tena, akaurudia wimbo tangu mwanzo, na alipofika pale akakosea vilevile. Isikeli akatabasamu, akalala.

Tulimzika kando ya dada yake, na nywele zake hazikuguswa.

Siku ya kuondoa matanga ya Laisani, yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, ilikorogwa, nguruwe wakafukuliwa katika tanuri la shimo, na gitaa likashushwa ukutani. Nyuzi mbili zilikuwa zimeliwa na chumvi, tukafunga nyingine. Eroni aliketi pale alipozoea, akaacha nafasi ya ukulele upande wake wa kulia, akaanza ule wa Levuka.

Alipofika palepale, akawahi. Vidole vyake vikatulia juu ya nyuzi, naye akasubiri, uso umeinuka kidogo kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Mimi nilijua anasubiri nini. Lakini kicheko kile hakikuwa changu kukitoa.

Kisha akaendelea mpaka mwisho.